Ufugaji wa njiwa nyumbani

Ufugaji wa njiwa nyumbani ni utunzaji wa njiwa wa kufugwa (jina la kisayansi: Columba livia domestica) katika makazi ya watu, ama kwa kupendezwa nao, ama kwa kitoweo, mbolea na kuuza makinda. Katika vijiji vya Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, kama vile vya kata ya Magindu katika Wilaya ya Kibaha, kando ya Reli ya Kati, banda la njiwa huweza kuwa sanduku la mbao juu ya nguzo au madebe yaliyotundikwa chini ya upenu. Njiwa huhesabiwa kuwa ndege wasio na kazi: hujitafutia chakula, huzaliana wenyewe na jioni hurudi wenyewe. Kwa sababu hiyo mara nyingi huachwa bila kutazamwa, na mwenye nyumba hugundua hasara banda likiwa limekwisha kuwa tupu.

Asili na jina

Njiwa wote wa kufugwa wametokana na njiwa wa porini wa spishi Columba livia, anayeishi kwenye majabali ya nchi za Mediteranea, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. Binadamu alianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Katika Kiswahili huitwa pia njiwa manga. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Omani, na limebaki pia katika pilipili manga. Charles Darwin alifuga njiwa wa aina nyingi, na katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi aliwatumia kuonyesha jinsi mfugaji anavyoweza kubadili umbo la mnyama kwa kuchagua wazazi.

Asili hiyo ya majabalini inaeleza mambo mengi ya banda. Njiwa wa kufugwa hapendi kujenga kiota juu ya mti kama tetere au ninga. Hutafuta ubao, rafu au shimo lenye kivuli, mahali palipo bapa na pakavu. Pia ana uwezo mkubwa wa kukumbuka kwao na kurudi kutoka mbali, uwezo uliomfanya atumike kupeleka barua kwa karne nyingi.

Imani kuhusu njiwa kuhama

Katika sehemu nyingi za pwani na bara husemwa kwamba njiwa ni ndege wa baraka, na kwamba hawakai katika nyumba yenye ugomvi. Imani hii si ya kudharauliwa kama desturi, kwani imewafanya watu wengi wawatendee ndege hawa kwa upole. Lakini ina upande mbaya. Njiwa wanapohama ghafla, watu huanza kumtafuta mwenye kosa ndani ya nyumba: mke na mume husemwa na majirani, au jirani hushukiwa uchawi, na hakuna anayepanda ngazi kutazama ndani ya banda.

Njiwa huhama kwa sababu zinazoonekana. Ya kwanza ni utitiri, wadudu wadogo sana wanaojificha kwenye nyufa za mbao mchana na kunyonya damu usiku. Banda likijaa utitiri, njiwa wakubwa hulala juu ya paa au kwenye mti, na makinda wasioweza kuruka hufa wakiwa wamekwisha damu. Sababu ya pili ni adui wa usiku: nyoka, kanu, paka au panya akiingia mara moja tu, kundi zima huweza kukataa kulala humo tena. Nyingine ni njaa ya miezi ya kiangazi, msongamano, na banda linalovuja wakati wa masika. Tena, njiwa aliyenunuliwa akiwa mkubwa hurudi alikozaliwa mara anapofunguliwa, jambo ambalo muuzaji huwa hana haraka ya kulieleza.

Ili kujua kama kuna utitiri, mfugaji hupitisha kitambaa cheupe kwenye nyufa za banda usiku. Kikitoka na alama nyekundu za damu, wamo. Takataka zote za viota hutolewa na kuchomwa moto, mbao husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha hupakwa chokaa hadi ndani ya nyufa. Dawa ya unga ya kuku inayouzwa kwenye maduka ya mifugo hutumika kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa za kunyunyizia mazao hazifai kabisa: huua makinda, na mabaki yake humfikia anayekula nyama.

Banda

Banda zuri ni kavu, lina hewa, na mlango wake hauelekei upande unaotoka mvua. Huinuliwa kiasi cha mita 2 au zaidi kutoka ardhini, juu ya nguzo iliyozungushiwa bati laini ili nyoka, panya na paka wasipande. Siafu, ambao huweza kumaliza makinda wote kwa usiku mmoja, huzuiwa kwa kupaka grisi kuzunguka nguzo. Grisi hupakwa upya ikishikwa na vumbi. Matawi ya miti yaliyo karibu hukatwa, maana nguzo yenye bati haina faida ikiwa mwembe umeegemea paa la banda.

Kila jozi ya njiwa inahitaji vyumba viwili, kila kimoja chenye upana, kina na kimo cha sentimita 30 hivi. Wafugaji wengi hutengeneza kimoja, na hapo ndipo mayai huanza kuvunjika. Jike hutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajaondoka, naye akikosa chumba cha pili hutaga juu yao au hupigania chumba cha jirani. Idadi ya madume na majike nayo iwe sawa. Dume asiye na mwenza huingia vyumba vya wengine na kusumbua wanaoatamia. Kuwatofautisha kwa macho ni kazi ngumu. Majike wawili wanaweza kuishi kama jozi, na dalili yake ni mayai manne katika kiota kimoja ambayo hayaanguliwi.

Wageni ni bora wawe makinda waliotoka tu kujitegemea, wenye umri wa wiki 5 au 6. Wakubwa hufungiwa katika banda lenye wavu kwa wiki kadhaa, au hadi watakapozaa hapo, ndipo wafunguliwe jioni karibu na saa ya chakula.

Chakula na maji

Njiwa ni mla punje. Hameng'enyi vizuri pumba wala chakula cha unga cha kuku, na hawezi kuishi kwa wali na ugali wa mabaki. Njiwa mmoja mkubwa hula kiasi cha gramu 30 hadi 50 za nafaka kwa siku. Mtama, uwele, mpunga na mahindi yaliyopasuliwa humpa nguvu, lakini peke yake havitoshi, hasa anapolea. Sehemu moja kati ya tatu au nne iwe jamii ya kunde: choroko, kunde ndogo au mbaazi. Kwa kuwa hana meno, humeza changarawe za kusagia chakula tumboni. Njiwa waliofungiwa wapewe changarawe pamoja na maganda ya mayai au ya chaza yaliyopondwa, ambayo huimarisha ganda la yai.

Mahindi au karanga zilizoota ukungu si chakula cha ndege, ingawa ndivyo zinavyoishia mara nyingi. Ukungu huo hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Ni sumu hiyo hiyo iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Tofauti na kuku, ambaye huchota maji na kuinua kichwa, njiwa huzamisha mdomo na kuvuta maji kama ng'ombe. Chombo chake kiwe na kina cha sentimita 2 hadi 3, kifunikwe juu ili asikanyage wala kunyea ndani, na kioshwe kila siku. Chombo kingine kipana cha kuogea, mara moja au mbili kwa wiki, huwafurahisha sana na kusaidia kuweka manyoya safi. Baadaye maji hayo humwagwa.

Uzazi

Jike hutaga mayai mawili, la pili likifuata siku mbili hivi baada ya la kwanza. Wazazi wote wawili huatamia kwa siku 17 hadi 19: dume hukaa saa za mchana, na jike tangu alasiri hadi asubuhi. Makinda huzaliwa wamefumba macho na wana manyoya machache mepesi. Siku za kwanza hulishwa maziwa ya njiwa, uji mzito wenye mafuta na protini unaotengenezwa katika gole, yaani kifuko cha chakula cha shingoni, la baba na la mama. Kwa hiyo makinda wa siku chache waliofiwa na wazazi ni vigumu sana kuokolewa kwa mkono. Hutoka kiotani wakiwa na wiki 4 au 5.

Magonjwa

Njiwa mgonjwa hujitenga, hututumua manyoya na kufumba macho mchana. Anaposhikwa, mfupa wa kidari huchoma kiganja kwa kukosa nyama. Wafugaji wazoefu hushika ndege mmoja mmoja usiku, wakiwa wametulia, angalau mara moja kwa mwezi.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni mdondo, unaoitwa pia kideri au ugonjwa wa Newcastle. Njiwa wana aina yao ya kirusi hicho. Kinyesi huwa cha maji, kiu huzidi, kisha shingo hupinda, na ndege hudonoa punje asiipate. Wengi humdhania amerogwa au amekula sumu. Hauna tiba. Kwa kuwa kuku na njiwa hula uwanja mmoja, ugonjwa unaweza kupita kutoka kwa hawa kwenda kwa wale.

Kinga ni chanjo. Kituo cha kutengeneza chanjo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kiko Kibaha, na hutengeneza chanjo ya mdondo inayostahimili joto, ambayo kuku hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chanjo za kuku huwapa njiwa kinga isiyo kamili; zipo chanjo za sindano zilizotengenezwa kwa ajili ya njiwa, lakini hazipatikani kwa urahisi vijijini. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa. Hata hivyo kuchanja kuku wote wa nyumba, na ikiwezekana wa majirani siku hiyo hiyo, ni kinga kwa njiwa pia.

Makinda hupata mara nyingi ugonjwa wa koo unaoletwa na kijidudu kiitwacho trikomona. Mdomoni huonekana utando wa njano, na kinda hushindwa kumeza. Wazazi wanaoonekana wazima huwaambukiza kupitia maziwa, hivyo kundi zima hutibiwa kwa dawa ya mganga wa mifugo. Ndui ya ndege, yenye vinundu kuzunguka macho na mdomo, huenezwa na mbu na huongezeka msimu wa mvua. Ndege wapya watengwe siku 30 kabla ya kuchanganywa na wengine, hata kama wametoka kwa ndugu.

Afya ya watu na ujirani

Kinyesi cha njiwa ni mbolea nzuri ya bustani, lakini vumbi lake hubeba vijidudu na kuvu vinavyoweza kuleta homa ya mapafu, na kwa wenye kinga dhaifu homa ya uti wa mgongo. Banda hunyunyiziwa maji kwanza, ndipo likwanguliwe, na msafishaji hufunika pua na mdomo. Nyumba inayovuna maji ya mvua kutoka kwenye bati haifai kuwa na banda juu ya paa wala karibu nalo.

Malalamiko makubwa ya majirani ni mpunga na mtama ulioanikwa kuliwa. Kuwalisha njiwa asubuhi mapema, kabla hawajatoka, hupunguza sana jambo hilo, na huwaepusha na mbegu zilizopakwa dawa mashambani wakati wa kupanda. Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wameenea Dar es Salaam na Pwani na hula mayai na makinda. Mlango mwembamba wa banda huwazuia.

Sheria

Njiwa wa kufugwa hahitaji kibali cha wanyamapori. Ndege wa porini, wakiwemo chiriku, kasuku na wale kasuku wadogo waitwao cherero, wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwakamata au kuwafungia bila kibali ni kosa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga mnyama yeyote ampe chakula, maji na makazi yanayofaa, na inakataza ukatili kama wa kusafirisha ndege waliobanwa kwenye kapu juani.