Kutoka Blogu hadi Tovuti ya Huduma: Namna ya Kupanga Upya Mada na Menyu ili Mwananchi Apate Anachokitafuta

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Taasisi nyingi za umma nchini ziliingia mtandaoni kwa mlango wa blogu. Sababu zinaeleweka. Blogu ilifunguliwa kwa dakika chache, haikulipiwa, haikuhitaji mtaalamu wa programu, na Afisa Habari mwenye kamera na modemu aliweza kurejea kutoka kwenye ziara ya kiongozi na kupandisha picha kabla ya jua kuzama. Blogu binafsi za Kiswahili zilikuwa zimekwishaonesha njia: Jikomboe ya Ndesanjo Macha ilianza mwaka 2004, na ile ya mpigapicha Issa Michuzi ikafuata mwaka 2005. Kupitia blogu za namna hiyo wananchi walizoea kusoma taarifa kwa vyombo vya habari siku ileile zilipotolewa.

Hali imebadilika. Wakala ya Serikali Mtandao iliyoanza mwaka 2012 imekuwa Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, na mikoa na halmashauri zina tovuti zenye kikoa cha go.tz na mwonekano unaofanana. Hata hivyo, tovuti nyingi, pamoja na kubadilishiwa jina na rangi, bado zinafanya kazi kwa mantiki ya blogu. Makala haya yanaeleza mantiki hiyo ni ipi, inamkwaza vipi mwananchi, na hatua gani zichukuliwe pale taasisi inapoamua kuisanifu upya.

Blogu hupanga kila kitu kwa tarehe. Kilichoandikwa leo hukaa juu, cha jana chini yake, na cha wiki iliyopita huenda ukurasa wa pili ambao ni wachache wanaoufungua. Mpangilio huo unafaa sana kwa habari, kwa kuwa thamani ya habari hupungua kadiri siku zinavyopita. Huduma haziko hivyo. Utaratibu wa kuomba kibali cha ujenzi hauzeeki kwa sababu ya mkutano wa Baraza la Madiwani uliofanyika Alhamisi, na tangazo lenye siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi linapaswa kuonekana hadi siku hiyo ifike, bila kujali ni habari ngapi zimeandikwa baada yake.

Mwandishi wa makala haya alishuhudia matokeo ya kuchanganya mambo hayo mawili katika halmashauri moja ambayo si muhimu kuitaja. Tangazo la mikopo ya vikundi, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, liliwekwa kwenye blogu siku ya Jumatatu. Wiki hiyo ilikuwa na ziara nyingi. Kufikia Ijumaa tangazo lilikuwa limesukumwa nje ya ukurasa wa mwanzo na picha za makabidhiano ya madawati, ukaguzi wa miradi na mapokezi ya wageni. Akina mama wa kikundi kimoja walilitafuta kupitia Google kwa simu, wakapata tangazo la mwaka uliotangulia ambalo halikuandikwa mwaka popote, wakajaza fomu ya zamani na kufika ofisini siku mbili baada ya dirisha kufungwa. Hakuna mtumishi aliyewanyima haki yao kwa makusudi, na taarifa ilikuwa imetolewa kwa mujibu wa utaratibu. Lakini waliondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya usanifu mpya ni kutenganisha kinachopita na kinachodumu, na suala la rangi au nembo lisubiri. Mifumo yenyewe iliruhusu utengano huo zamani. WordPress, iliyoanza Mei 2003 kama chombo cha kuandikia blogu, ilipata kurasa tuli katika toleo la 1.5 la mwaka 2005, yaani kurasa zisizofuata tarehe. Toleo la 3.0 la Juni 2010 likaleta menyu ambazo msimamizi hupanga mwenyewe viungo vyake, badala ya kuachia mfumo uorodheshe kila kilichopo. Blogger nayo iliongeza kurasa tuli mwaka 2010. Ukosefu wa teknolojia, basi, si kisingizio. Tumekuwa na kabati lenye droo kwa zaidi ya miaka kumi na bado tunarundika nguo sakafuni.

Hatua inayofuata ni kuorodhesha kila kilichomo kwenye blogu ya zamani. Kazi hii inachosha, na ndiyo sababu hurukwa. Katika jedwali la kawaida, kila chapisho liandikiwe kichwa chake, tarehe, anwani yake ya mtandaoni, na uamuzi mmoja: libaki kama habari, ligeuzwe kuwa ukurasa wa kudumu, liunganishwe na jingine, au lihamishiwe kwenye hifadhi ya kumbukumbu. Mara nyingi itagundulika kwamba maelezo ya huduma moja yameandikwa mara nne kwa miaka tofauti, kila mara na ada tofauti. Hapo ukurasa mmoja uandikwe upya na kuthibitishwa na idara husika, kisha uwekwe tarehe ya mara ya mwisho kuhakikiwa. Mwananchi akikuta ada za aina nne kwenye tovuti moja, ataamini ile iliyo ndogo zaidi, na ugomvi utahamia kaunta.

Sasa tuje kwenye mada zenyewe, ambako ndiko penye uzito. Menyu nyingi za taasisi huandikwa kwa kufuata muundo wa ofisi: Utawala, Idara, Vitengo, Machapisho, Kituo cha Habari. Mtumishi huiona ikiwa sahihi kabisa, maana ndivyo milango ya jengo ilivyopangwa. Mwananchi haji na swali la idara. Anakuja na kiwanja, leseni, cheti cha kuzaliwa, mtoto wa kuandikisha shule au deni la kodi ya pango. Akitakiwa kujua kwanza kwamba leseni ya biashara iko chini ya kitengo fulani ndani ya idara fulani, basi tumemtwisha kazi ambayo ilikuwa yetu.

Uingereza ilikutana na tatizo hilo kwa ukubwa wa nchi nzima. Tarehe 17 Oktoba 2012 ilizindua GOV.UK, tovuti iliyochukua nafasi ya Directgov na Business Link, na baadaye wizara na taasisi nyingi zikahamishia taarifa zao humo. Mada kuu za ukurasa wake wa mwanzo hazikuwa majina ya wizara, bali mambo ya maisha: ajira na pensheni, udereva na usafiri, mafao, nyumba na huduma za mitaa, ndoa na kifo. Mwaka 2013 ilipata tuzo ya Usanifu wa Mwaka ya Design Museum ya London, ingawa kwa macho ilikuwa na maandishi tu, bila picha za kuvutia. Wapo waliouona uamuzi huo wa tuzo kuwa wa ajabu. Kwa maoni ya mwandishi, ulikuwa sahihi.

Kupata mada kwa njia hiyo hakuhitaji mshauri mwelekezi wa gharama kubwa. Zoezi la kadi linatosha. Huduma na taarifa arobaini hivi huandikwa kila moja kwenye kipande cha karatasi, kisha watu wa kawaida, mmoja mmoja, huombwa kuzipanga katika mafungu wanayoona yanafanana na kulipa kila fungu jina. Watu wachache waliokaa kwenye benchi la kusubiri huduma watafundisha zaidi ya kikao cha wakuu wa idara, kwa sababu mkuu wa idara tayari anajua kitu kiko wapi. Daftari la mapokezi nalo ni hazina. Maswali yanayoulizwa kila siku dirishani ndiyo yanayostahili kuwa juu kwenye menyu, na maneno ya muulizaji ndiyo yanayofaa kuwa maneno ya menyu. Mwananchi akisema "mikopo ya vikundi", kiungo kiandikwe hivyo, na jina rasmi la mfuko likae ndani ya ukurasa.

Idadi ya vipengele vya menyu huzua mabishano. Husemwa kwamba visizidi saba, na hutajwa makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956. Makala hiyo ilihusu kiasi cha vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi, na menyu iko mbele ya macho, haihitaji kukaririwa. Kanuni iliyo bora ni kwamba kila jina litofautiane wazi na jirani yake. Tovuti yenye "Habari", "Matukio", "Taarifa" na "Matangazo" katika mstari mmoja ina vipengele vinne tu, na bado inampoteza msomaji. Tangazo la ajira liko wapi kati ya hivyo?

Hapa pana jambo linalosahaulika katika tovuti zilizotokana na blogu, nalo ni tofauti kati ya kategoria na lebo. Kategoria ni chumba, lebo ni alama iliyobandikwa kwenye kitu. Chapisho moja linafaa kuwa na kategoria moja, na lebo mbili au tatu zikihitajika. Katika blogu za zamani Maafisa walibandika lebo kwa mazoea, "afya", "Afya" na "sekta ya afya" zikawa tatu tofauti, na kiolezo kikazionesha zote pembeni mwa ukurasa kama wingu la maneno lisilomwongoza mtu popote. Kabla ya kuhamisha chochote, lebo zipunguzwe na zipewe tahajia moja. Vilevile, orodha ya kumbukumbu ya miaka na miezi iondolewe pembeni. Hakuna anayetafuta fomu kwa kukumbuka kwamba ilitoka Septemba.

Huduma zilizo kwenye mifumo ya kitaifa zisirudiwe ndani ya tovuti ya taasisi. Leseni ya biashara ya halmashauri huombwa kupitia TAUSI, na zabuni za umma hutangazwa katika NeST. Ukurasa wa taasisi ueleze kwa ufupi nani anastahili na anahitaji nini mkononi, kisha umpeleke moja kwa moja kwenye mfumo. Maelezo yaliyonakiliwa huchakaa siku mfumo ukibadilika.

Menyu ikishapangwa, ijaribiwe kwenye simu, tena simu ya bei nafuu yenye kifurushi cha kawaida. Menyu zinazofunguka kwa kupitisha kishale cha kipanya juu yake hazina maana kwa anayegusa kioo kwa kidole. Ile alama ya mistari mitatu, iliyobuniwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, haijulikani kwa kila mtu, hivyo neno "Menyu" liandikwe kando yake. Ukurasa wa mwanzo wa blogu ambao hupakia machapisho kumi pamoja na picha zake zote humlazimisha mwananchi kulipia picha za mkutano ili asome mstari mmoja wa tangazo. Zibaki vichwa vya habari na muhtasari, picha zifunguke ndani. Matangazo yaliyopigwa picha yakiwa kwenye karatasi yenye mhuri yana kasoro nyingine: kisanduku cha kutafutia hakiyaoni, na mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hasomewi chochote. Yaandikwe kwa maandishi, nakala yenye mhuri iambatishwe. Maandishi ya kawaida nayo yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kama viwango vya kimataifa vya ufikivu wa maudhui vinavyoelekeza katika ngazi ya AA.

Siku ya kuhamia ndiyo yenye hatari. Anwani za kurasa za Blogger hubeba mwaka na mwezi, na viungo vya zamani vimesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, barua na magazeti kwa miaka. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo kwa uelekezaji wa kudumu, ule ambao seva huutambulisha kwa namba 301. Kuelekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni sawa na kumjibu mgeni kwamba aulize mbele. Aidha, machapisho yakihamishwa kutoka Blogger, picha huweza kubaki kwenye seva za Google huku maandishi yakiwa kwingine; zisipopakuliwa na kupandishwa upya, siku akaunti ikifungwa zitapotea zote.

Na akaunti hiyo ni ya nani? Blogu nyingi zilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mtumishi. Akihamishwa kituo, akistaafu au akifariki, nywila huondoka naye, na taasisi hubaki na ukurasa wenye nembo yake ambao haiwezi kuusahihisha wala kuufunga. Kwa hiyo, kabla ya kazi yoyote ya usanifu, umiliki uhamishiwe kwenye barua pepe rasmi ya ofisi, wasimamizi wasiopungua wawili wasajiliwe, na jambo hilo liingizwe kwenye hati ya makabidhiano ya ofisi pamoja na funguo na majalada.