Mali ya Abdulla, Neno la Mvaaji

Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, akaliita Echigoya. Wauza hariri wakubwa wa siku hizo walibeba bidhaa hadi majumbani kwa wenye vyeo, wakakopesha, kisha wakaja kudai mara moja au mbili kwa mwaka. Hasara ya kungoja iliingizwa kwenye bei, na kila mteja alitajiwa bei yake. Mitsui alipindua utaratibu huo: mnunuzi aje dukani, alipe papo hapo, bei iwe moja kwa wote, na anayetaka kipande kidogo akatiwe. Wenzake walimpiga vita. Mvua iliponyesha, duka liliwaazima wateja miavuli yenye alama yake, nao wakaitembeza alama hiyo mjini.

Wanaofundisha matangazo wanaipenda sana ile miavuli. Mimi naona nguvu ilikuwa kwenye bei moja. Mwavuli ulimkumbusha mtu jambo lililokwisha kumpata: aliingia dukani bila cheo, akahudumiwa kama mwenye cheo. Ndiyo maana pazia lenye alama lililotundikwa mlangoni, noren, lilibeba heshima ya nyumba nzima ya biashara, na mtumishi aliyetumika kwa uaminifu miaka mingi aliweza kuruhusiwa kufungua duka lake chini ya alama ileile.

Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Staffordshire nchini Uingereza, alikwenda njia nyingine. Alijua kwamba watu wa kipato cha kati hutazama waliowazidi kabla ya kununua. Mwaka 1765 alipata oda ya seti ya chai ya Malkia Charlotte. Mwaka uliofuata akawa na haki ya kujiita mfinyanzi wa malkia, na vile vyombo vya rangi ya maziwa akaviuza kwa jina la Vyombo vya Malkia. Jina lake mwenyewe alilikandamiza kwenye udongo kabla haujachomwa. Mwaka 1767 alimwandikia mshirika wake, Thomas Bentley, akijiuliza sifa ya vyombo vile ilitokana kiasi gani na namna vilivyoingizwa sokoni, na kiasi gani na manufaa na uzuri wake. Namheshimu kwa swali hilo.

Edo, basi, duka lilijenga jina kwa kumtendea mnunuzi haki. Staffordshire, mfinyanzi aliliteremsha jina kutoka ikulu. Pwani ya Afrika Mashariki mnunuzi alikuwa na mkono mkubwa zaidi, na hapa ndipo nataka kukaa.

Katikati ya karne ya 19 soko la Zanzibar lilishikwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Hakikusifiwa na malkia yeyote. Watu walikipapasa, wakakiona kizito, wakakifua na kukivaa mpaka wakaridhika. Misafara ya bara ikakitumia kama fedha. Waingereza walipoleta vitambaa vya kuiga, wanunuzi walivitambua na kuvikwepa. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikate pamba ndipo vitambaa vya Bombay vipate nafasi ya kweli.

Kisha ikaja kanga. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, ilianza Mombasa mwaka 1887, na duka lake katika Barabara ya Biashara limekuwa mahali pa kuulizia kanga kwa vizazi. Tazama alama yake imekaa wapi: herufi ndogo ukingoni mwa nguo, Mali ya Abdulla. Mahali pa heshima, chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, pameachiwa jina la kanga, yaani yale maneno ambayo mvaaji atayafanya yake. Mwanamke akichagua doti huyapima maneno kwanza. Atakayeyasoma ni jirani, wifi au mke mwenza? Anampelekea mzazi, au anamfunza bwana harusi? Halafu ndipo anapokunja kitambaa kwa vidole na kuuliza kama kinachuja.

Kwa kukubali kukaa ukingoni, jina la Abdulla limeingia vyumba vya wazazi, harusini na misibani, mahali ambapo mtangazaji mwenye kelele angefukuzwa. Mvaaji analibeba kwa hiari kwa sababu nguo hiyo inamsemea.

Wedgwood naye alifika hapo mara moja. Mwaka 1787 alitengeneza kidani cha udongo chenye mtu Mwafrika aliyefungwa minyororo, amepiga magoti, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Alivigawa bure kwa wapinzani wa biashara ya watumwa, na wanawake wakavifanya bangili na pini za nywele. Mwafrika yule alichongwa akiwa anaomba, na hilo linaniuma hadi leo. Hata hivyo kidani kilimpa mvaaji neno la kusema hadharani, jambo ambalo hakuna sahani ya malkia iliyolifanya.

Naandika haya kwa sababu ya kuta zetu. Pita barabara yoyote kubwa ya Kenya au Tanzania uone maduka yaliyopakwa rangi za kampuni ya simu, soda au sabuni kutoka msingi hadi paa, na jina la mwenye duka limebanwa kwenye kona. Lakini mteja anakwenda pale kwa ajili ya mwenye duka: ndiye anayemkopesha unga tarehe mbaya, ndiye anayejua watoto wake. Kampuni imekuta imani iliyojengwa na mtu mwingine, ikaipaka rangi yake. Ningekuwa na sauti katika kikao cha matangazo cha kampuni hizo ningewaomba wageuze vipimo: jina la mwenye duka, tuseme Mama Asha, liandikwe kwa herufi kubwa juu ya mlango, na lao lishuke ukingoni, saizi ya lile la Abdulla.