Fistula ya Uzazi: Utambuzi, Matarajio ya Kupona na Uungaji wa Tishu

Fistula ya uzazi, ambayo vitabu vingine huiita nasuri, ni tundu lisilo la kawaida baina ya uke na kibofu cha mkojo, au baina ya uke na njia ya haja kubwa, linalosababishwa na uchungu pingamizi ambao haukupata msaada mapema. Mkojo, na wakati mwingine kinyesi, huvuja usiku na mchana. Wengi wa wanawake wanaoumia hivi humpoteza pia mtoto katika uzazi huohuo. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupata jeraha hili, karibu wote katika nchi ambazo safari ya kufika kwenye chumba cha upasuaji bado ni ndefu.

Chanzo chake ni mgandamizo. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga, kuta za uke na kibofu hubanwa kwenye mfupa wa kinena na damu haipiti. Uchungu ukiendelea siku mbili au tatu, seli za hapo hufa. Tishu iliyokufa haidondoki siku ileile: hubanduka siku kadhaa baada ya mama kujifungua, ndiyo sababu anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mkavu, kisha akaamka amelowa. Neva za mguu nazo huweza kubanwa, na baadhi ya wanawake huburuta unyayo kwa miezi mingi.

Jeraha hili ni la kale. Mwaka 1935 mwanaanatomia Douglas Derry alieleza tundu kubwa la kibofu katika mumia ya Henhenit, mwanamke wa nyumba ya Farao Mentuhotep II, aliyeishi takribani miaka 2,000 kabla ya Kristo. Tiba iliyoaminika ilikuja baadaye sana, na ililipiwa na watu ambao hawakuulizwa kama wako tayari kulipa. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake waliokuwa watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu kati yao yanajulikana: Anarcha, Lucy na Betsey. Kwa maelezo ya Sims mwenyewe, Anarcha alipasuliwa mara 30 kabla tundu halijafunga kwa nyuzi za fedha. Makala yake ya mwaka 1852 ilimpa umaarufu. Wanawake hao hawakupata kitu. Mwaka 2018 sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park, New York. Historia yoyote ya upasuaji huu isiyowataja wanawake hao ina pengo.

Utambuzi wa fistula hauhitaji mashine ya gharama kubwa. Mara nyingi maelezo ya mgonjwa yanatosha kuamsha shaka: alikaa na uchungu siku nyingi, mtoto alizaliwa mfu, kisha mkojo ukaanza kutoka wenyewe. Tundu kubwa huonekana kwa macho. Lililojificha hutafutwa kwa rangi: kibofu hujazwa maji yenye methilini ya bluu kupitia mpira wa mkojo, na vipande vya shashi hupangwa ndani ya uke. Shashi ikichafuka bluu, tundu liko kwenye kibofu. Shashi ya juu ikilowa mkojo usio na rangi, shaka huhamia kwenye ureta, yaani mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na hapo upasuaji unaohitajika ni wa aina nyingine kabisa. Kosa katika hatua hii humpeleka mgonjwa mezani kwa operesheni isiyo yake.

Baada ya kujua tundu lipo, swali gumu zaidi ni kama mgonjwa atapona. Kees Waaldijk, daktari Mholanzi aliyefanya kazi miaka mingi Katsina, kaskazini mwa Nigeria, aliyagawa matundu kwa kuangalia kama yamegusa sehemu inayozuia mkojo. Mwaka 2004 daktari Judith Goh wa Australia alipendekeza mpango unaopima umbali wa ukingo wa tundu kutoka mlango wa mkojo, upana wake, na wingi wa makovu. Tundu lililo zaidi ya sentimita 3.5 kutoka mlango huo liko katika aina ya kwanza. Lililo chini ya sentimita 1.5 liko katika aina ya nne, iliyo ngumu kuliko zote. Ukubwa wa tundu peke yake haubashiri yote. Tundu dogo lililozungukwa na makovu magumu, katika mwanamke aliyekwisha kupasuliwa mara mbili, linaweza kumshinda mpasuaji ambaye asubuhi hiyohiyo amefunga tundu pana kwenye tishu laini.

Sababu iko katika namna mwili unavyojiponya. Kidonda kikishonwa, damu huganda kwanza, kisha seli za kinga huja kusafisha mabaki, halafu seli zinazotengeneza kolajeni huanza kujaza pengo. Kolajeni hiyo ya mwanzo ni dhaifu na hubadilishwa polepole na iliyo imara zaidi, kazi inayochukua miezi. Kovu lenyewe lina mishipa michache ya damu, kwa hiyo kushona kovu kwa kovu ni kama kuunga kitambaa kilichochakaa: mshono hushika, pembeni yake pakachanika. Ndiyo maana mpasuaji hutenganisha kibofu na uke kwa upana, akaleta kingo pamoja bila kuzivuta, kisha akajaza maji ya rangi kuhakikisha hapavuji. Tishu ikiwa duni, baadhi ya wapasuaji huongeza kipande cha mafuta chenye damu yake kutoka kwenye shavu la uke, njia aliyoieleza Heinrich Martius wa Ujerumani mwaka 1928. Na kwa kuwa kila operesheni iliyoshindwa huacha kovu jipya, nafasi bora kuliko zote ni ile ya kwanza. Si kazi ya kujifunzia.

Mgonjwa akiwahi, pengine kisu hakihitajiki. Fistula changa na ndogo huweza kujifunga yenyewe mkojo ukielekezwa nje kwa mpira kwa wiki kadhaa, kwa sababu kibofu kisichojaa hakivuti kingo za jeraha. Katika zahanati nyingi jambo hili bado halifahamiki, na mama huambiwa arudi baada ya miezi mitatu.

Mpira huohuo ulizua swali lililojibiwa kwa jaribio zuri. Baada ya upasuaji, vituo vingi viliuacha siku 14 au zaidi, kwa mazoea tu. Kati ya 2012 na 2013 wanawake 524 wenye fistula nyepesi, katika hospitali nane za nchi nane za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, waligawanywa kwa kura: siku 7 au siku 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet. Mshono uliachia kwa wanawake 10 kati ya 250 wa kundi la siku 7, na 8 kati ya 251 wa kundi la siku 14. Tofauti hiyo haikutosha kuhalalisha wiki ya ziada, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza siku 7 hadi 10 kwa fistula nyepesi. Wiki moja iliyookolewa ni kitanda kwa mgonjwa mwingine.

Katika vituo vyenye wapasuaji wazoefu, zaidi ya matundu 8 kati ya 10 hufungwa. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu, maana tundu linaweza kufungwa na mwanamke akaendelea kulowa kwa kuwa mrija wa mkojo umefupika au kibofu kimesinyaa. Ripoti inayohesabu matundu yaliyofungwa bila kuuliza nani amekauka haijapima kupona.

Afrika Mashariki na Kati ina vituo vyenye uzoefu mkubwa: CCBRT Dar es Salaam, Gynocare mjini Eldoret, na Panzi huko Bukavu, hospitali ya daktari Denis Mukwege, ambako hutibiwa pia majeraha yatokanayo na ukatili wa vita. CCBRT ilianza mwaka 2009 kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, kupitia mabalozi walioko vijijini, kwani matibabu ya bure hayamfikii asiye na nauli.

Sura ya ugonjwa inabadilika. Mapitio ya Thomas Raassen na wenzake, yaliyotolewa mwaka 2014, yaliwachunguza wanawake 5,959 waliotibiwa fistula katika nchi 11. Kwa 805 kati yao, takribani asilimia 13, jeraha lilitokana na mkono wa mpasuaji, hasa wakati wa kutoa mtoto au kuondoa kizazi. Majeraha hayo mara nyingi hukaa juu, karibu na ureta, mahali ambapo kipimo cha shashi na rangi huhitaji kusomwa kwa makini zaidi.