MAKABILA KUMI YA BANI ISRAIL YALIKWENDA WAPI?



Ndugu zangu, ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti Wapashtuni wa Afghanistan ndio makabila kumi ya Bani Israil yaliyopotea. Wengine wanawataja watu wa Ethiopia. Kabla hujausambaza, soma kwanza kilichotokea.

Nabii Sulayman (a.s.) alifariki karibu na mwaka 930 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Vitabu vya Ahlul Kitab vinasema watu wa kaskazini walimwendea mwanawe, Rehoboamu, wakaomba wapunguziwe kazi za lazima, naye akawajibu kwa ukali. Wakajitenga. Makabila kumi yakawa ufalme wa Israil, na kusini ukabaki ufalme wa Yuda pamoja na Baytul Maqdis. Basi dola ilipasuka kwa mikono ya wenyewe, miaka 200 na zaidi kabla adui hajafika.

Mji mkuu wa kaskazini, Samaria, ulijengwa na mfalme Omri. (Samiri wa kisa cha ndama ni wa zama za Nabii Musa, mji huo bado haujakuwepo. Msichanganye.) Mwanawe, Ahabu, akaipa nafasi ibada ya Baal, ile ile tunayosoma katika Surat As-Saffat kuwa Nabii Ilyas (a.s.) aliikemea.

Kisha wakatokea Waashuri, kutoka Iraq ya leo. Hoshea, mfalme wa mwisho, aliacha kuwalipa kodi akitegemea Misri. Misri haikumsaidia kitu. Samaria ikazingirwa miaka 3, ikaanguka karibu na mwaka 722. Mfalme Sargon II aliandika katika kasri lake, ambalo magofu yake yako Khorsabad, kwamba alichukua mateka 27,290.

Sasa itazame hesabu hiyo. Watu 27,290 sio taifa zima! Wengi walibaki mashambani mwao, na wengine walikimbilia Yuda. Waliochukuliwa walitawanywa, huku kidogo na kule kidogo, mpaka miji ya Wamedi huko Iran, na wageni wakaletwa kukaa Samaria. Ukiwatawanya watu hivyo, wajukuu wataoa na kuolewa huko huko, na lugha itakufa.

Watu wa Yuda nao walipelekwa Babylon mwaka 586, lakini wengi waliwekwa pamoja, wakashikamana na kitabu chao, na baadaye Wafursi wakawaruhusu kurudi. Ndiyo maana jina tulilonalo leo ni Yahudi, kutokana na Yuda.

Na wale waliobaki kaskazini? Karibu na Nablus, Palestina, kwenye mlima Gerizim, wapo Wasamaria. Pamoja na wenzao wa Holon hawafiki hata elfu moja. Wanaisoma Taurati peke yake, kwa hati ya kale, na wale wa Nablus wanazungumza Kiarabu kama jirani zao. Waulize, watakwambia wao ni kizazi cha Nabii Yusuf (a.s.) na hawajawahi kupotea.

Wallahu a'lam.