Kukaa kutwa kunatumaliza: nyanyuka kila nusu saa

Hapa kwetu Mkongani kazi nyingi zilikuwa za miguu na mgongo: kulima muhogo na mahindi, kuangua nazi, kuteka maji, kutwanga. Kazi hizo bado zipo, lakini zimeongezeka kazi za kiti. Kijana wa bodaboda yuko juu ya pikipiki tangu alfajiri, na akikosa abiria hukaa papo hapo kivulini. Wakala wa M-Pesa ana stuli moja ndani ya kibanda cha mabati kutwa nzima. Fundi cherehani, mwenye duka, karani, mwanafunzi wa shule na wa chuo, wote ni watu wa kukaa. Na ikifika jioni tunakutana barazani, tunakaa tena.

Wazee walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Walikuwa wakizungumzia riziki, lakini usemi huo wafaa pia kwa afya.

Ushahidi wa mwanzo ulitoka kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva, waliokaa siku nzima, na makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Waajiri wao walikuwa wale wale na mabasi yale yale, lakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Dereva wa matatu na makanga wake wa huku kwetu wana mgawanyo wa kazi kama huo.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi zaidi. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wao pia hupumzika sana, karibu saa 10 za mchana kwa siku. Hata hivyo wana afya njema ya moyo. Kwanza, wakiinuka hufanya kazi ya nguvu. Pili, sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, si ya kuegemea kiti, na misuli ya miguu hubaki na kazi kidogo. Kwa hiyo kupumzika hakuna ubaya. Kinachodhuru ni kukaa mfululizo huku miguu imelala.

Misuli mikubwa ya mwili iko mapajani na matakoni. Ikifanya kazi, huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia. Ikilala, sukari ya chakula tulichokula hukaa ndani ya damu kwa muda mrefu zaidi. Misuli ya ndama ya mguu nayo husukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ndiyo maana mtu aliyekaa sana huona miguu imevimba na viatu vinabana.

Je, tuinuke mara ngapi? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walijaribu vipimo mbalimbali. Kilichofanya vizuri zaidi ni kutembea dakika 5 kila baada ya nusu saa: kupanda kwa sukari baada ya kula kulipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na kukaa kutwa, na presha pia ilishuka. Waliopimwa walikuwa 11 tu, kwa hiyo tusiichukue asilimia hiyo kama ahadi kwa kila mtu. Hata hivyo tafiti nyingine zimeelekea huko huko, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri watu wazima wapunguze muda wa kukaa, wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na likaeleza kuwa hata dakika chache zahesabiwa.

Kwa kazi zetu naona inawezekana hivi:

Bodaboda: shuka kwenye pikipiki unaposubiri abiria. Zunguka mti mara kadhaa, kisha chuchumaa na kuinuka mara 10.

Wakala na mwenye duka: mhudumie mteja ukiwa umesimama. Duka likitulia, inua visigino na kushusha mara 20 ukishika kaunta.

Fundi cherehani na msuka mikeka: kila ukimaliza kipande, nyanyuka, nyoosha mgongo, nenda hadi mlangoni na kurudi.

Mwalimu wa shule au chuo: wasimamishe watoto kati ya somo na somo. Mtoto naye huchoka kukaa.

Barazani: mazungumzo hayaharibiki yakiendelea tukitembea. Anayecheza bao naye asimame mchezo ukiisha.

Mwenye magoti mabovu asichuchumae. Kuinuka kitini na kukaa tena polepole kunatosha. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha na uende kituo cha afya. Mwenye kisukari avae viatu na akague nyayo zake kila siku, maana kidonda cha mguu kwake si jambo dogo. Na dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu ameanza kutembea.

Nayasema haya kwa sababu wengi wetu hujua tuna presha siku mtu anapopooza upande mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa. Kukaa si sababu pekee. Chumvi, mafuta, sigara na kurithi vimo. Lakini chumvi iko chunguni na urithi uko damuni, ilhali kunyanyuka hakuhitaji ruhusa ya mtu wala senti moja.

Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mwaka 2023 mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Akipita kwako, mwombe akupime. Na ukimaliza kusoma haya, inuka uende ukanywe maji.