Jina na Nasaba

Mwalimu aitaye majina asubuhi katika shule ya Subukia husikia historia ya nchi ikimwitikia. Huyu ni Kamau, yule ni Kiprono, na nyuma yao wameketi Wanjiru na Chebet. Wote wamekulia bonde moja, walakini babu zao hawakuja kwa njia moja. Wamasai walilisha ng'ombe katika nchi hii ya kati ya Bonde la Ufa mpaka mapatano ya mwaka 1904 yalipowahamisha. Wakaja walowezi wa Kizungu, na pamoja nao vibarua waliotoka mbali kulima mashamba hayo. Baada ya uhuru, mwaka 1963, watu wengine wengi walipata ardhi na kufanya maskani. Basi kijana akitaka kujua asili ya jina lake, aanzie wapi?

Wengi huanza katika vitabu vya kuandikisha watu. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuandikishwa na kuchukua kipande, chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Karani aliandika kwa kawaida ya Wazungu, ambao kwao jina la ukoo hushuka kutoka baba hata mjukuu bila kubadilika. Desturi zetu hazikuwa hivyo.

Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Kamau wa Njoroge humwita kifungua mimba wake Njoroge; naye Njoroge huyo akipata mwana humwita Kamau. Kwa vizazi vinne majina mawili hupokezana kama watu wawili watwangao katika kinu kimoja. Kwa Wakalenjin, kijana aliyetoka jandoni alichukua jina la baba yake likitanguliwa na neno arap, maana yake mwana wa. Rais wa pili wa Kenya, Daniel Toroitich arap Moi, alikuwa mwana wa Kimoi arap Chebii. Asiyejua desturi hiyo angeapa kwamba Moi na Chebii ni koo mbili, kumbe ni mtu na mwanawe. Na jina Kenyatta halikutoka kwa mababu: rais wa kwanza, aliyepewa jina la Kamau alipozaliwa, alijitwalia mwenyewe ukubwani, na watoto wake ndio waliolirithi.

Siku hizi wako wanaokimbilia kipimo cha vinasaba, yaani DNA, wakidhani damu haina karani wa kuikosea. Kipimo hicho kina nguvu, lakini nacho kina mpaka wake. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama. Sasa hesabu: una wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16, na katika kizazi cha tano 32. Katika hao 32, njia ya baba humfikia mmoja tu, na njia ya mama mmoja tu. Waliobaki 30 hawasemi neno katika vipimo hivyo viwili, ingawa nao ni wazee wako.

Pwani yetu inatupa mfano mwema. Kwa karne nyingi koo za Waswahili zilisimulia kwamba zina asili ya Shirazi, na wasomi wengi walidhani ni majivuno tu. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Ikaonekana kwamba wengi walikuwa na asili ya wanaume wa Uajemi na ya wanawake wa Afrika. Masimulizi hayakuwa uongo. Yaliwataja baba, yakawanyamazia mama.

Elimu hii si mchezo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliziba barabara katika Bonde la Ufa, wakadai vitambulisho na kusoma majina. Wapo waliopita kwa jina, na wapo waliouawa kwa jina. Wasomaji wale wa vitambulisho walidhani neno moja lamtosha mtu mzima.

Basi, ewe mwanafunzi, tafuta nasaba yako. Waulize wazee wangali hai, na usisahau kumwuliza bibi jina la mama yake, maana hilo ndilo lipotealo kwanza. Ukimaliza, mwulize na jirani habari za kwao. Utakuta kwamba jina lake, kama lako, lina watu 32 nyuma yake, na kitambulisho hakikuwaandika.