Mapigo ya Moyo wa Kichanga: Kutoka Sikio la Mkunga hadi Mialo ya Geita

Moyo wa mtoto mchanga huongozwa na neva zinazojiendesha zenyewe. Kundi moja huharakisha mapigo; jingine, linalopitia neva ya vagasi, huyapunguza. Hili la pili huchelewa kukomaa, hadi majuma ya mwisho ya mimba na hata baada ya kuzaliwa. Mtoto njiti pia huweza kuacha kupumua ghafla, na mapigo yake yakapungua, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi nayo haijakomaa.

Katika hospitali za misheni za Usukuma, Kolandoto ya Shinyanga ikiwa mojawapo, na baadaye katika zahanati za serikali, chombo cha kusikiliza mapigo kilikuwa kitarumbeta alichobuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Wakunga wengi wanacho hadi leo. Mwaka 1953 daktari Virginia Apgar wa Marekani alichapisha alama zake tano za kumpima mtoto aliyezaliwa punde: mapigo, pumzi, mkazo wa misuli, mwitikio na rangi ya ngozi. Zilikusudiwa kuonyesha nani asaidiwe sasa hivi, wala si kutabiri akili za mtoto, ingawa wengi wamezitumia hivyo. Mwaka 1963 watafiti Hon na Lee walionyesha kwamba, mtoto anapotaabika tumboni, nafasi kati ya pigo na pigo hubadilika kabla kasi yenyewe haijabadilika. Ugunduzi huo ulibaki kwenye mashine za gharama.

Mradi wa Safer Births ulileta Shinyanga, Geita, Mwanza, Tabora na Manyara vifaa viwili: Moyo, cha tumbo la mama, na NeoBeat, cha kifua cha mtoto, pamoja na mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini. Matokeo ya hospitali 30, yaliyochapishwa 2025, yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa takriban 40%. Hata hivyo, kinachosomwa ni kasi tu. Ukomavu wa neva haupimwi.

Ukanda wa dhahabu wa Geita una swali la ziada: je, zebaki hugusa neva hizo? Mialoni, yaani mahali wachimbaji wadogo wanaposafishia dhahabu, zebaki hunasa dhahabu kisha huchomwa. Mvuke wake huvutwa na wanaochoma na walio jirani, wajawazito wakiwamo, na zebaki hupita kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto. Watafiti wa chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, na wenzao wa Calgary, Kanada, waliwafuatilia akina mama walioandikishwa kuanzia 2015, kisha wakawapima watoto 439 wa miezi 6 hadi 12 kwa kipimo kilichotungwa Malawi. Ripoti ya 2021 ilihusisha zebaki nyingi katika damu ya mama na kuchelewa kukua kwa mtoto. Kipimo hicho hutazama viungo, vidole, lugha na uhusiano na watu. Mapigo ya moyo hayamo.